Kile ambacho video ya theluji haionyeshi

Kila majira ya baridi yakianza katika milima ya kaskazini, mitandao ya kijamii hujaa video za aina moja. Mtu amesimama juu ya mteremko mweupe ambao haujaguswa, anajiachia na skii zake, yaani vibao virefu vya kutelezea vinavyofungwa miguuni, theluji laini inamrukia hadi kifuani, na baada ya sekunde chache yuko bondeni akicheka na wenzake. Watu wanazipenda video hizo, nami ni mmoja wao. Sisemi kwamba ni za uongo. Zinaonyesha jambo lililotokea kweli, lakini hazionyeshi hata kidogo kwa nini halikugeuka kuwa msiba wa poromoko la theluji, na mtazamaji asiye na uzoefu hana njia ya kujua kama alichokiona kilitokana na uamuzi mzuri au na bahati tu.

Katika vituo rasmi vya kuteleza, vyenye lifti na njia zilizowekewa alama, kuna askari wa doria wanaoamka kabla ya alfajiri, wanaopima theluji na kulipua baruti kwenye miteremko ili ile iliyolegea iporomoke kabla wateja hawajafika. Ukivuka kamba ya mpaka wa kituo, kazi hiyo yote inabaki nyuma yako, ingawa mlima unaonekana ni ule ule na lifti bado unaiona kwa macho. Katika milima ya Alps ya Ulaya peke yake, maporomoko ya theluji huua takriban watu 100 kwa mwaka, na wengi wao hufia huko nje ya maeneo yaliyodhibitiwa. Katika takriban ajali tisa kati ya kumi za namna hii, poromoko huanzishwa na mhanga mwenyewe au na mtu wa kundi lake. Mlima hauwaangukii watu kwa kuwavizia. Uzito wao ndio unaoufyatua.

Namna unavyofyatuka ni muhimu kuielewa, maana kila kitu kinachofuata kinategemea hapo. Theluji ya mlimani imejengeka kwa matabaka, kila dhoruba ikiacha la kwake. Baridi kali ikidumu juu ya theluji nyembamba, tabaka la chini hubadilika na kuwa chembe kubwa zisizoshikana, kama sukari iliyomwagwa mezani. Dhoruba inayofuata, au upepo, huweka bamba zito na gumu zaidi juu ya chembe hizo. Bamba hilo linaweza kukaa hivyo kwa wiki kadhaa. Mtu mmoja akipita mahali lilipo jembamba, tabaka dhaifu huvunjika chini yake, ufa husambaa pembeni kwa kasi kuliko anavyoweza kukimbia, na mteremko mzima huanza kuteleza. Hali hii hutokea zaidi kwenye miteremko yenye mwinuko wa nyuzi 30 hadi 45. Chini ya hapo bamba kwa kawaida haliteremki. Juu zaidi, theluji humwagika kidogo kidogo kabla haijalundikana.

Sasa linganisha masharti hayo na masharti ya video nzuri. Mpiga picha anataka theluji mpya, na hatari ni kubwa zaidi wakati wa dhoruba na mara tu baada yake. Anataka anga la buluu na mwanga mkali, nazo hupatikana siku ya kwanza ya jua baada ya dhoruba, siku ambayo watabiri wa maporomoko huiogopa kuliko nyingine kwa sababu watu wote hutoka wakati bamba jipya bado halijatulia. Anataka mteremko mkali wa kutosha ili theluji iruke, yaani kati ya nyuzi 30 na 40 na kitu. Anataka uso usio na alama za watu waliotangulia. Kwa maneno mengine, vigezo vinavyofanya video ipendwe ni karibu vile vile vinavyofanya mteremko uue, na kanuni za kompyuta zinazochagua nini kisambazwe hazina habari na tabaka lililo chini. Tena kuna jambo dogo ambalo naona halizungumzwi vya kutosha: kamera ndogo za kofiani zina lenzi pana inayoulaza mteremko. Genge linalomtetemesha miguu aliyesimama juu yake huonekana kwenye simu kama kilima cha kawaida, na mtazamaji huondoka akiamini kwamba pale hata yeye angepita.

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Wataalamu wanaorekodi filamu za milimani husubiri siku nyingi hadi hali iruhusu, wakiwa na waongozaji wanaoujua mlima huo na mara nyingi helikopta karibu. Hata mtelezaji wa kawaida aliye makini hufanya kazi ndefu ambayo haivutii kwenye skrini. Mfano mmoja ni jaribio la nguzo ndefu. Mtu huchimba shimo kwenye theluji mpaka apate ukuta ulio wima, kisha kwa msumeno hutenga nguzo yenye upana wa sentimita 90 na kina cha sentimita 30 kuelekea juu ya mteremko. Huweka bapa la koleo upande mmoja wa juu ya nguzo na kuanza kuligonga: mara kumi kwa ncha za vidole akikunjia kwenye kifundo cha mkono, mara kumi akitumia mkono kuanzia kiwiko, mara kumi kuanzia begani. Anachosubiri kuona ni kama ufa utachomoza, na je, utavuka nguzo nzima hadi upande wa pili au utakomea pale pale chini ya koleo. Ukivuka, hasa kwa mapigo machache, tabaka hilo lina uwezo wa kusambaza mvunjiko, na mwenye busara hutafuta njia nyingine au hugeuza. Kazi hiyo, pamoja na kupanda kwa saa kadhaa, kusoma taarifa ya asubuhi na kubishana na wenzake, ndiyo inayokatwa wakati wa kuhariri. Siku aliyogeuza, mara nyingi hachapishi chochote.

Lakini lililo baya zaidi ni kwamba theluji ni mwalimu asiyesahihisha. Mtu anaweza kupita kwenye mteremko uliokuwa karibu kabisa kuvunjika na asidhurike, kwa sababu tu alikosa kupita mahali bamba lilipokuwa jembamba. Atarudi nyumbani akiamini aliamua vyema. Akichapisha video, atapongezwa na maelfu ya watu, na imani yake itazidi kukomaa. Kesho yake mwingine ataziona zile alama za skii, kwenye skrini au mlimani penyewe, na kuzichukulia kama cheti kwamba mteremko umekwishajaribiwa. Alama hazithibitishi chochote: mtelezaji wa kumi anaweza kukanyaga palipo dhaifu ambapo tisa waliomtangulia hawakupagusa. Hata bila mitandao udanganyifu huu ungekuwapo, ila zamani ulimpotosha mtu mmoja na rafiki zake wachache. Leo waliobahatika husikika dunia nzima, ilhali wasiobahatika hawana cha kupakia.

Mtafiti Ian McCammon alichambua zaidi ya ajali 700 za maporomoko nchini Marekani, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 alieleza mitego ya fikra iliyojirudia kwa wahanga: kuuzoea mteremko, kutaka kukubalika na wengine, kung'ang'ania mpango uliokwisha kuwekwa, kumfuata anayeonekana bingwa, kupata ujasiri kwa kuwaona wengine wapo, na kugombea theluji ambayo haijapitiwa bado. Alipoandika, video fupi za simu hazikuwapo. Hata hivyo ukiisoma orodha hiyo leo unaweza kudhani alikuwa akieleza jinsi mitandao ya kijamii inavyofanya kazi. Mtu huuzoea mlima ambao hajawahi kuukanyaga, kwa kuwa ameutazama mara nyingi. Bingwa ni yeyote mwenye wafuasi wengi. Kugombea kwenyewe kumekuwa kwa saa, maana mteremko ukitajwa jina asubuhi, mchana una foleni.

McCammon aligundua pia kwamba mafunzo peke yake hayakuwakinga watu na mitego hiyo, jambo linalonizuia kuwabebesha wageni lawama zote. Tarehe 19 Februari 2012, karibu na Stevens Pass katika jimbo la Washington, kundi la zaidi ya watu kumi, wengi wao wenye uzoefu mkubwa na wanaoheshimika katika mchezo huo, lilitoka nje ya mpaka wa kituo kwenda bonde la Tunnel Creek ingawa tahadhari ya hatari ilikuwa imetolewa. Watatu walikufa. Kila mmoja alikuwa na sababu ya kudhani kwamba ndani ya kundi kama lile, kama kungekuwa na tatizo, mtu angesema. Na mwezi Aprili 2016, Estelle Balet, bingwa wa dunia wa kuteleza kwa ubao nje ya njia rasmi, alifia kwenye poromoko nchini Uswisi wakati wa kurekodi filamu, akiwa amevaa vifaa vyote vya usalama. Ikiwa hao hawakunusurika, yule aliyejifunza kwa kutazama simu anategemea nini?

Mara nyingi anategemea vifaa. Video za aina nyingine zinazopendwa sana ni zile za kupanga mkoba: kifaa cha kutuma na kupokea ishara kwenye masafa ya kilohezi 457, fito ndefu ya kudunga theluji ili kumtafuta aliyefukiwa, koleo, na siku hizi mkoba wenye mfuko wa hewa unaofumuka. Vyote ni vya lazima, isipokuwa huo wa mwisho ambao ni nyongeza nzuri kwa mwenye uwezo. Ila hakuna hata kimoja kinachozuia poromoko. Aliyefukiwa kabisa ana nafasi nzuri ya kuishi akitolewa ndani ya dakika kumi hadi kumi na tano. Baada ya hapo nafasi hiyo huporomoka haraka kwa kukosa hewa. Theluji iliyokwisha kuporomoka hugandamana, na mita moja ya ujazo inaweza kuwa na kilo 300 hadi 500, kwa hiyo kumchimbua mtu aliye chini mita moja na nusu ni kazi ngumu hata kwa watu kadhaa waliofanya mazoezi. Aliyenunua kifaa juzi, ambaye hajawahi kukitafuta kingine kilichofukiwa, atazitumia dakika hizo kusoma maelekezo. Isitoshe, utafiti wa vifo nchini Kanada ulionyesha kwamba takriban robo ya wahanga waliuawa na majeraha ya kugonga miti na miamba, na hapo kasi ya kuchimba haisaidii.

Katika majira ya baridi yaliyoanza mwishoni mwa 2020 na kuisha 2021, Marekani ilipoteza watu 37 kwa maporomoko, idadi kubwa kuliko yoyote iliyorekodiwa katika enzi hii. Tabaka la chini lilikuwa bovu karibu katika milima yote ya magharibi, na kwa sababu ya janga la korona vituo vilipunguza idadi ya wateja, hivyo wengi wakakimbilia nje. Siwezi kuitupia mitandao lawama ya vifo hivyo, na ninashangaa kuona wanaofanya hivyo kwa wepesi. Wengi wa waliokufa walikuwa watu wazima wenye miaka mingi mlimani. Ninachoona ni kwamba theluji mbovu inapokutana na wingi wa watu, kitu chochote kinachoharakisha msongamano kuelekea mteremko ule ule huongeza uwezekano wa mtu kukanyaga palipo pembamba.

Wapo wanaopendekeza kwamba watu waache kutaja mahali walipopiga picha. Mwaka 2018 bodi ya utalii ya Jackson Hole, Wyoming, iliwaomba wageni wasitaje mahali mahususi, ingawa lengo lilikuwa kulinda mazingira zaidi ya maisha ya watelezaji. Binafsi pendekezo hilo linanitia shaka katika suala la maporomoko. Anayetaka kuujua mteremko ataujua kwa ramani, na kuficha jina hakumfundishi lolote. Afadhali maelezo ya chini ya video yaongezwe mambo ambayo mchapishaji alikuwa nayo siku hiyo: tarehe, mwinuko wa mteremko kwa nyuzi, upande unaoelekea, na kiwango cha hatari kilichotangazwa asubuhi. Taarifa hizo zipo na ni za bure. Taasisi ya utafiti wa theluji na maporomoko iliyoko Davos, Uswisi, hutoa taarifa mara mbili kwa siku wakati wa baridi, na majimbo ya Colorado na Utah yana vituo vyao.

Kiwango chenyewe kinahitaji ufafanuzi, kwa sababu ngazi ni tano na watu huisoma ya 3 kama wastani, yaani hali ya kawaida. Kwa kweli ngazi ya 3 inamaanisha kwamba mtu mmoja anaweza kuanzisha poromoko kwenye miteremko mingi mikali, na sehemu kubwa ya vifo hutokea siku za ngazi hiyo, wakati ile ya 5 huwaweka karibu wote ndani. Mchapishaji anayeandika kwamba siku hiyo ilikuwa ya 3, kwamba alichagua mteremko wa nyuzi 27 na kwamba ule mkali uliokuwa jirani aliuacha kwa sababu upepo ulikuwa umelundika theluji juu yake, anampa mtazamaji kitu cha kuiga ambacho ni zaidi ya mteremko. Vituo vya utabiri navyo hupokea taarifa kutoka kwa umma, na ufa uliopigwa picha mbele ya ncha za skii, au maelezo ya kishindo kizito kilichosikika chini ya miguu wakati theluji ya tambarare ilipozama, humsaidia mtabiri anayeandika tahadhari ya kesho hata kama picha yenyewe haitapata mtu wa kuisambaza.