Maji Yakitoka Jambiani

Nilishuka botini Unguja saa tisa alasiri, mwezi wa Agosti, kusi likivuma, na usiku wake mwezi ulikuwa mpevu. Nautaja mwezi mapema kwa sababu bila mwezi safari hii haieleweki.

Forodhani, bustani ya ukingoni mwa bahari pale Mji Mkongwe, maji yalikuwa yamejaa hadi yanapiga ukuta. Vijana wa makachu, wale warukaji wa kujitosa baharini, walikwisha jipanga. Mmoja anakuja mbio kutoka kule penye miti, anakanyaga ukingo, anapinduka hewani mara mbili, chubwi! Wageni wameinua simu zao juu kama watu wanaoomba mvua. Wenyeji waliokuwepo walikuwa wamewapa vijana mgongo. Akina mama wameketi na watoto wao, wanapunga upepo, wanakula urojo, wanaangalia nani kaja na nani. Bustani ile, iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya matengenezo makubwa, kwao ni sebule. Hata Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la masultani lililo nyuma yao, ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, hawakuligeukia. Sebuleni kwako huwezi kushangaa kabati lako.

Nilimuuliza kijana mmoja aliyekuwa akijikamua maji kwenye kaptula: hii ni michezo au ni kazi? Akacheka. "Tangu wadogo tunaruka hapa kwa raha zetu, kaka. Siku hizi mtalii akisema rudia, tunarudia." Raha ya mwenyeji imegeuka maonyesho, na sikumwona akisikitika. Alinyoosha kofia, nikatia noti.

Asubuhi yake nikapanda daladala ya Jambiani, nambari 309, mwendo wa kama kilomita hamsini na kitu kukata kisiwa kwenda upande wa mashariki. Utingo aliponisikia lafudhi akaniuliza, "Hoteli gani?" Nikamtajia nyumba ya wageni niliyokuwa nimeweka chumba. "Unafanya jikoni au mapokezi?" Nikamwambia nakwenda kupumzika. Akaniangalia vizuri, kisha akamwangalia abiria wa jirani, kama anayetaka shahidi. Mtu wa Bara aonekane pwani ya mashariki bila sare ya kazi wala shuka la Kimasai! Safari nzima nikawa na cheo hicho: si mtalii, si mwenyeji, na kazini sipo.

Nilifika saa nne kamili nikakuta bahari haipo. Ndivyo ilivyo siku za bamvua: mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hutoka sana na kujaa sana, tofauti ya karibu mita 4, na kupwa kwenyewe huangukia saa nne hivi asubuhi. Mbele yangu mchanga, madimbwi, majani ya bahari, na huko mbali kabisa mstari mweupe wa mawimbi yanayovunjika mwambani. Mama mmoja wa Kizungu, taulo begani, alikuwa akimuuliza mtu wa mapokezi maji yatarudi lini, kwa sauti ya mtu aliyeuziwa bidhaa pungufu.

Saa ile ile aliyoona bahari imefungwa, kwa wanawake wa Jambiani ndiyo ilikuwa imefunguka. Walishuka makundi makundi, kanga zimefungwa kiunoni, magunia na kamba mikononi. Nikamwamkia mmoja mtu mzima, "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu. Vaa viatu, huko kuna miba." Nikamfuata, nusu saa nzima majini hadi magotini, mpaka kwenye shamba lake la mwani: vigingi vimechomekwa safu safu, kamba zimetandazwa katikati, na kwenye kila kamba vishada vimefungwa kimoja kimoja. Kilimo hiki kilianza upande huu mwishoni mwa miaka ya 1980, na mpaka leo wengi walio ndani yake ni wanawake. Kishada hukaa majini wiki sita hivi ndipo kikavunwa. Mwani mnene, wenye bei nzuri, ulianza kuwafia maji yalipozidi joto. Sasa aliobaki nao ni ule mwembamba.

"Wao wataka maji yajae, sisi twataka yatoke," aliniambia akiinama. Sikumuuliza, alikuwa anajibu kitu alichokwisha jibizana nacho muda mrefu. Akanionyesha upande wa Paje, kijiji cha jirani, ambako wachezaji wa kaiti, yale matiara makubwa yanayomvuta mtu juu ya ubao, hutanda kusi likishika. Ubao ukipita juu ya kamba wakati maji bado mafupi, vishada vinakatika. "Wengine huzunguka, wana adabu. Wengine hawajui kama chini kuna shamba. Wataonaje? Wanatazama juu."

Wakati wa kurudi nikajikwaa kwenye duara la mawe ufukweni. Mgeni mmoja alikuwa akilipiga picha, nadhani alidhani ni kaburi la kale. Bibi akacheka mpaka akashika kiuno. Chini ya mawe yale kuna makumbi ya nazi, yamefukiwa miezi yakalainike, yaje kupondwa yatoe usumba wa kusokotea kamba.

Nami nikamuuliza, basi nyinyi mnapumzika wapi? "Barazani," akasema. "Pwani si pahali pa kupumzika. Utalala vipi kazini kwako?" Halafu akakumbuka sikukuu. Idi, alisema, hapo watoto hupelekwa mjini, kwenye bembea.

Alasiri maji yalirudi kama yalivyoahidiwa. Saa kumi bahari ya kijani ilikuwa imefika kwenye ngazi za hoteli, wageni wamo ndani wanaogelea, na mwanamke wa kijijini hata mmoja simwoni. Yule mama wa taulo alikuwa anaelea chali, uso umemlegea kwa furaha, na nikamsamehe.

Jua lilipokaribia kuzama nyuma ya minazi, maji yakaanza kutoka tena, mchanga mgumu ukatokeza. Vijana wakaja na mpira, wakachomeka vijiti vinne. Wageni watatu wakaomba kucheza. "Wazungu upande ule, sisi huku," akagawa mkubwa wao. Kisha akanigeukia, akasita.

"Wewe wa Dar... kaa golini."

"Goli la nani?"

"Lolote."