Kisanduku cha vepu cha mpingo: betri moja ya 18650 na bodi ya DNA 75

Kisanduku cha vepu cha mbao, yaani mwili wa sigara ya kielektroniki unaobeba betri na bodi, hujengwa kuanzia betri kwenda nje. Wengi huanza na kipande cha mti kilichowavutia, wakakichonga, ndipo wakatafuta namna ya kusukumia vifaa ndani. Hapo ndipo betri hubanwa, waya hukunjwa vibaya, na kuta hubaki nyembamba kiasi cha kupasuka hewa ikikauka. Hapa naeleza kazi ya kisanduku cha betri moja kinachoendeshwa na DNA 75, bodi ya kielektroniki ya kudhibiti wati ya kampuni ya Evolv ya Marekani, mwili wake ukiwa wa mpingo. Ni hobi iliyokomaa zaidi Marekani, Uingereza na Ufilipino, lakini mpingo unaotamaniwa na mafundi wa huko hutoka Tanzania na Msumbiji.

Kabla ya kununua chochote, angalia sheria ya mahali ulipo. Uganda ilipiga marufuku biashara ya vifaa hivi kwa Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya mwaka 2015, na nchi nyingine zina masharti yake. Nikotini inateka mtu haraka. Hii ni kazi ya watu wazima ambao tayari wanatumia vepu.

Tuanze na betri. 18650 ina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65, na ukiongeza ganda lake la plastiki unapata karibu 18.4. Ikijaa ina volti 4.2. Kinachoamua usalama ni ampea inazoweza kutoa mfululizo. Gawanya wati unazotaka kwa ufanisi wa bodi, kisha gawanya kwa volti za betri inapokaribia kuisha. Kwa wati 75, ufanisi wa asilimia 90 na volti 3.1, betri inavutwa karibu ampea 27. Kwa wati 50 ni ampea 18 hivi. Wengi hudhani betri dhaifu huvutwa kidogo, kumbe kwa bodi inayodhibiti wati ni kinyume: volti zikishuka, bodi huongeza ampea ili wati zibaki zilezile. Kwa hiyo ukitumia Samsung 25R au LG HG2, ambazo zote zimepewa kiwango cha ampea 20, funga kikomo cha wati 50 kwenye EScribe, programu ya kompyuta ya kupangia bodi hii, hata kama bodi ina uwezo wa 75.

Betri zilizoandikwa mAh (kipimo cha umeme unaohifadhiwa) 9900 usiziguse. Hakuna betri halisi ya ukubwa huo inayofika hata nusu ya namba hiyo. Zile zinazofumuliwa kwenye kompyuta mpakato nazo ziachwe, kwa sababu nyingi ziliundwa kutoa umeme taratibu, na ukizivuta ampea 18 zinapata moto kupita kiasi. Na kama unafikiria kuiruka bodi kabisa, ukatengeneza bomba la shaba lenye kitufe tu, elewa kwamba koili, yaani waya unaopashwa moto kutoa mvuke, ikipiga shoti hakuna kitu chochote kati ya shoti hiyo na betri. Bodi inapima ukinzani kabla ya kupitisha umeme na inakataa kuwaka. Kwangu hilo linamaliza mjadala.

Sasa vipimo. Shimo la betri liwe na upana wa milimita 20. Milimita moja na nusu ya nafasi inaonekana nyingi, lakini shimo la milimita 18.5 likivimba kidogo kwa unyevu linachubua ganda la betri kila unapoitoa, na ganda lililochanika ni njia ya shoti, kwa sababu mwili wote wa betri chini ya plastiki ni upande hasi. Urefu wa chumba ni 65 za betri na kama 8 za vigusio viwili. Ukuta wa mpingo usipungue milimita 4. Kwa hesabu hiyo, pamoja na nafasi ya bodi na ziada kidogo kwenye ncha, unapata kisanduku cha urefu wa milimita 86, upana wa 52 na unene wa 28, mfuniko ukiwemo. Bodi yenyewe ipime kwa vernia kalipa ikiwa mkononi, usiamini mchoro ulioupakua. Pale skrini na vitufe vinapokaa, ukuta uchongwe kwa ndani hadi milimita 2 tu, la sivyo vitufe havitafikia bodi.

Mti uwe mkavu kweli. Mbao iliyokaa wazi Dar es Salaam au Mombasa hutulia kwenye unyevu wa asilimia 14 hivi, na ile iliyo kwenye nyumba ya Ulaya yenye joto la hita hushuka hadi 7 au 8. Kisanduku kilichochongwa Pwani kikapelekwa huko wakati wa baridi husinyaa kwa upana, kukingama na nyuzi za mti, na hupasuka pale penye ukuta mwembamba. Dawa yake ni kuchonga kwa hatua mbili. Chimba vyumba ukiacha milimita 2 za ziada kila upande, acha kipande kwenye chumba kikavu wiki kadhaa, kipime uzito mara kwa mara, na uzito ukikoma kushuka ndipo umalizie vipimo. Kata kipande ili nyuzi ziende juu na chini kwa urefu wa kisanduku, kwa sababu mti hausogei sana kwa urefu wa nyuzi zake.

Mpingo ni mgumu na una mafuta. Kwa biti ya Forstner (ile ya kutoboa mashimo mapana yenye kitako bapa) ya milimita 20, endesha drili taratibu, mizunguko 500 hivi kwa dakika, na inua biti mara kwa mara kutoa unga. Ukikazana, biti inapata moto na shimo linapata nyufa ndogo ambazo huzioni hadi unapopaka vanishi. Ondoa sehemu kubwa kwa drili, kisha malizia kwa ruta ya kuchongea mbao yenye kigezo au kwa patasi kali. Vumbi lake linawasha ngozi na kuleta mzio kwa baadhi ya watu, hivyo barakoa ya kuzuia vumbi laini na feni ya kutoa hewa ni vya lazima.

Kontakta ya 510, yaani pale atomaiza (kichwa chenye koili, pamba na juisi) inapofungwa, ina uzi wa M7 kwa 0.5. Nunua yenye pini ya kati iliyokaa juu ya springi na kihami kinachovumilia joto, maana vihami vya plastiki ya kawaida hulainika na pini ikazama. Uso wa kontakta uinuke kidogo juu ya mbao ili atomaiza ikae juu ya chuma, isigandamize mti. Hapa pana kosa linalowapata wanaotoka kwenye visanduku vya alumini: mbao haipitishi umeme, kwa hiyo upande hasi wa 510 lazima uwe na waya wake wenyewe hadi kwenye bodi. Weka pete ya shaba yenye ulimi chini ya nati ya kontakta na uchomee waya kwenye ulimi huo. Ukijaribu kuchomea moja kwa moja kwenye mwili wa kontakta, chuma kinene kinanyonya joto na risasi ya kuchomea (solda) inaganda juujuu. Kama mwili ni stenlesi, risasi ya kawaida haishiki kabisa.

Kiungo hicho kina uzito kuliko kinavyoonekana. Tuseme koili ni ya SS316, aina ya chuma cha stenlesi, yenye omu 0.2 na unatumia udhibiti wa joto. Ukinzani wa waya huo hupanda takribani 0.00092 ya thamani yake kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, yaani omu 0.000184. Nati ikilegea na kiungo kikabadilika miliomu 5 tu, bodi inasoma joto kwa kosa la nyuzi 27. Mtumiaji ataona mvuke unakatika ghafla au pamba inaungua, atalaumu bodi, kumbe tatizo ni nati. Paka gundi ya kufungia nati baada ya kukaza, ukiiweka kwenye uzi wa nje tu, mbali na uso wa pete.

Waya wa betri na wa 510 uwe wa silikoni, geji 16, sawa na milimita za mraba 1.3, na uwe mfupi kadiri inavyowezekana. Chuma cha kuchomea kiwe cha wati 60 au zaidi chenye ncha pana. Ncha nyembamba hukufanya ushikilie joto muda mrefu hadi bodi iharibike. Usichomee kamwe kwenye betri yenyewe. Vigusio viwe vya bapa, vya shaba yenye springi. Zile springi za waya wa chuma zinazouzwa kwa tochi zinapata moto kwa ampea 15, zinapoteza ukakamavu, kisha betri inaanza kucheza.

Toboa matundu ya kupumua. Betri ya lithiamu ikiharibika hutoa gesi kwa nguvu, kwa kawaida upande wa chanya, na kisanduku kilichoziba hugeuka bomu. Matundu manne ya milimita 4 chini ya kisanduku yanatosha kwa umbo hili, mradi chanya ya betri ielekee chini na mfuniko ushikwe na sumaku badala ya skrubu. Mfuniko wa sumaku huruka kabla mti haujapasuka. Sumaku za neodimiamu za milimita 5 kwa 3, mbili kila ncha, zinatosha. Zikwaruze kwa msasa kabla ya kuzigandisha kwa epoksi, weka alama ya wino upande unaovutana, na usizipitishe kwenye joto la zaidi ya nyuzi 80, maana zile za kawaida hupoteza nguvu. Chora alama ya kujumlisha ndani ya chumba, pale chanya inapokaa, kwa moto au patasi, si kwa kalamu.

Umaliziaji ufanyike kabla ya kuingiza umeme wowote. Piga msasa namba 180, 240, 320, 400 na 600 bila kuruka hatua, ukifuta vumbi kila unapobadilisha. Kama kipande chako kina ile sehemu ya nje ya rangi ya krimu, izibe kwanza kwa supa gluu nyepesi, la sivyo unga mweusi wa kiini unaingia kwenye vinyweleo vyake na kuacha uchafu usiotoka.

Mafuta ya kukausha, kama ya kitani, yana shida kwenye mpingo: kemikali za asili za mti huu huzuia mafuta yasigande, na kisanduku hubaki kunata kwa wiki nyingi. Zaidi ya hapo, kuna juisi, kile kimiminika kinachogeuzwa mvuke. Propilini glikoli iliyomo ndani yake ni kiyeyushi, na kwenye kisanduku hiki itamwagika tu, kila mara palepale kwenye 510. Nta peke yake inapendeza mkononi lakini eneo hilo hugeuka baka hafifu baada ya muda mfupi. Kwa hiyo napendelea supa gluu. Futa mti kwa asitoni, subiri ikauke, paka tabaka moja la gluu nyepesi linywe ndani, kisha tabaka 6 hadi 8 za gluu nzito kidogo kwa kitambaa cha karatasi, ukiacha kila moja ikauke yenyewe. Baadaye msasa wa maji namba 600 hadi 2000, na king'arishi cha magari. Ukiona ukungu mweupe, hewa ina unyevu mwingi au umepulizia kikaushi kingi. Ondoa tabaka hilo kwa msasa na ufanye kazi mchana, jua likiwa limekausha hewa. Fungua madirisha, mvuke wa gluu hiyo unaumiza macho na koo.

Paka na ndani, angalau tabaka mbili. Mbao iliyozibwa nje tu hunywa unyevu kwa ndani na kujipinda, halafu mfuniko unakataa kukaa.

Ukikosa mpingo, mwembe wenye michoro ya ukungu ni mzuri sana, ila ni laini, na lazima unyweshwe resini kwanza. Kausha kipande kwenye oveni nyuzi 104 kwa saa 24, kitumbukize kwenye resini kama Cactus Juice ndani ya chombo cha kunyonya hewa hadi mapovu yaishe, ruhusu hewa irudi na ukiache kilowe kwa muda uleule au zaidi, kisha kizungushie foili na ukioke nyuzi 93 hadi katikati igande. Mpingo wenyewe usihangaike kuunywesha, umeshiba tayari.

Jaribio la kwanza lisifanywe kwa betri. Kwa multimita, hakikisha hakuna njia kati ya pini ya 510 na mwili wake wala kati ya vigusio viwili vya betri, halafu washa kwa chanzo cha umeme chenye kikomo, volti 3.8 na ampea 1. Skrini ikiwaka sawasawa, pima ukinzani wa kisanduku chenyewe: funga atomaiza ambayo nguzo zake zimeunganishwa kwa kipande kinene cha shaba nyekundu, soma namba ndani ya EScribe, na uiandike kwenye mipangilio. Ziwe miliomu chache na zisirukeruke unapokigeuza kisanduku. Zikiruka, rudi kwenye pete na vigusio kabla ya kufunga mfuniko.

Anayetaka kumpelekea mtu aliye nje akumbuke kwamba jamii zote za Dalbergia, mpingo ukiwemo, ziko kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu Januari 2017. Tangu 2019 bidhaa iliyokamilika haihitaji kibali ikiwa uzito wa mbao hiyo katika shehena hauzidi kilo 10, lakini gogo au kipande kisichochongwa kinahitaji. Kwenye ndege kisanduku hubebwa kwenye mkoba wa mkononi, betri ikiwa imetolewa na kuwekwa kwenye kijaluba chake.