Kumpima jemadari: von Lettow-Vorbeck na wapagazi wake

Sisi tuliokulia Tanga tulisimuliwa vita vya Novemba 1914, vya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kupitia nyuki. Wazee walisema nyuki ndio waliowatimua Waingereza, na kwa kuwa kisa cha nyuki ni kitamu kuliko hesabu za bunduki, hakuna aliyetaka kuuliza zaidi. Nilipokuwa mtu mzima na kuanza kusoma habari za vita vile kwa makini, nilikutana na mtu ambaye masimulizi yetu yalimtaja kwa nadra: Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani katika koloni lao la Afrika Mashariki. Wengi walioandika juu yake wanamsifu kwa jambo moja, kwamba alipigana miaka minne bila kushindwa. Nimekaa na sifa hiyo muda mrefu, na kadiri ninavyoisoma ndivyo inavyonikera. Inajibu kabla mtu hajauliza jemadari apimwe kwa kipimo gani.

Nianze na haki yake, kwa sababu hukumu isiyotoa haki haina thamani. Waingereza walipofika Tanga tarehe 2 Novemba 1914 walikuwa na askari wapatao 8,000 walioletwa kutoka India, nao walikuwa wamechoka kwa majuma mengi ya kubanana melini. Von Lettow-Vorbeck alikuwa na watu wapatao 1,000 tu, wengine wao wakiwa bado njiani, wakiletwa kwa reli kutoka upande wa Kilimanjaro. Usiku wa kuamkia vita alipanda baiskeli akaingia mjini, akapita katika mitaa iliyohamwa, akakaribia ufuko ili ajionee mwenyewe adui amekaa wapi. Mwenzake wa upande wa pili, Meja Jenerali Arthur Aitken, hakutuma watu wa kutosha kuipeleleza ardhi, na aliamini kwamba askari weusi walioongozwa na Wajerumani wachache hawangeweza kumsimamia. Tarehe 5 Novemba Waingereza walirudi melini wakiwa wamepoteza zaidi ya watu 800, waliokufa, waliojeruhiwa na waliotoweka, huku wakiacha ufukoni mamia ya bunduki na risasi zaidi ya laki tano, na silaha hizo zikawa mtaji wa Wajerumani kwa miezi mingi. Nyuki walikuwapo kweli, nao waliwauma watu wa pande zote mbili. Lakini si nyuki waliopanda baiskeli usiku ule. Kamanda anayekwenda kutazama kwa macho yake kabla ya kuwapeleka watu vitani amestahili sifa, na hiyo simnyimi.

Simnyimi pia sifa ya kujifunza. Januari 1915 alishambulia kituo cha Waingereza huko Jasini, mpakani kaskazini ya Tanga, akakiteka. Ulikuwa ushindi, ila baada ya kuhesabu maofisa waliokufa na risasi zilizoteketea, ambazo zilikuwa takriban laki mbili, alitambua kwamba jeshi lililozingirwa na bahari inayolindwa na adui haliwezi kumudu ushindi wa namna hiyo zaidi ya mara mbili au tatu. Tangu hapo akabadili mwendo: kupiga na kuondoka, kuivizia reli ya Uganda iliyokuwa mikononi mwa Waingereza, kumwacha adui aifuate njaa porini. Majemadari wengi wa vita vile, hasa huko Ufaransa, waliona hesabu za kutisha kuliko hizo na bado wakarudia yale yale mwaka baada ya mwaka. Yeye aliusoma ushindi wake kama onyo, na sijui makamanda wengi waliowahi kufanya hivyo.

Watu wake nao walijua kujitegemea. Dawa ya malaria ilipopungua, gome la mkwinini lililotokana na kituo cha utafiti cha Amani, kule Usambara, lilichemshwa likawa maji machungu ambayo askari waliyanywa kwa kukunja uso. Meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilipoangamizwa katika delta ya Rufiji Julai 1915, mizinga yake ilitolewa, ikatengenezewa magurudumu na kuburutwa bara. Wasimulizi huishia hapo: mzinga ukatolewa majini, mzinga ukafika mbali. Nami kila nisomapo habari hiyo huuliza ni nani aliyeuburuta.

Nchi ile ilikuwa na mbung'o kila upande. Farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota walikufa kwa makundi, na baada ya Reli ya Kati kuangukia mikononi mwa Waingereza na Wabelgiji mwaka 1916, karibu kila kitu cha jeshi la Wajerumani kilisafiri juu ya kichwa cha mtu. Tufanye hesabu ndogo. Mpagazi ametwishwa kilo 25 za unga, na kwa siku anakula kilo moja. Akienda mwendo wa siku kumi na kurudi siku kumi, amekwisha kula kilo 20, na kikosi kilichokuwa kikimngojea kinapokea kilo tano. Akienda siku 12 na kurudi siku 12, kinachofika ni kilo moja. Kwa hiyo jeshi linaloendelea kutembea mbali na ghala lake lina njia mbili tu: kumnyima mpagazi posho yake au kula chakula cha watu wa mahali lilipofika. Jeshi la von Lettow-Vorbeck lilifanya yote mawili kwa muda wa miaka miwili. Vijana walikamatwa kwa nguvu vijijini wakatwishwa mizigo, ghala za mtama zikafagiliwa, mifugo ikaswagwa, kisha safu ikasonga mbele kwenda kuanza upya kwa watu wengine. Daktari mmoja wa Kijerumani aliyetembea na msafara huo aliandika baadaye kwamba nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibiwa, ghala tupu na njaa. Aliyeyasema hayo alikuwa ndani ya safu hiyo hiyo, wala hakuwa adui.

Ninapofika hapa huwa nakumbuka Ugogo. Nchi hiyo ni kavu hata katika miaka ya amani, na watu wake huishi kwa ng'ombe na mtama. Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na vijana. Waingereza walipofika mwaka 1916 nao wakachukua ng'ombe, nafaka na vijana. Kisha mvua zikakosekana. Njaa iliyofuata Wagogo waliiita Mtunya, na inakadiriwa kwamba katika kila watu watano mmoja alikufa. Siwezi kumtwika jemadari mmoja Mtunya nzima, kwani Waingereza wana fungu lao kubwa na mbingu zina lao. Lakini kamanda anayechagua kurefusha vita katika nchi ya namna hiyo anajua, au anapaswa kujua, ni nani atakayelipa.

Tena kuna mtu aliyemwambia. Gavana wa koloni, Heinrich Schnee, alitaka koloni likae kando ya vita kadiri ilivyowezekana, na kwa sheria ya koloni yeye ndiye aliyekuwa na mamlaka ya juu hata juu ya jeshi. Sababu zake hazikuwa za huruma peke yake. Alikumbuka Maji Maji, iliyokuwa imemalizika miaka saba tu kabla, na alihofia watu wangeinuka tena. Von Lettow-Vorbeck alimpuuza na kufanya alilolitaka. Wasimulizi wengi humcheka gavana kama karani mwoga aliyemzuia shujaa. Mimi naona kinyume chake: kamanda anayeikanyaga serikali ya kiraia hupaswa kutoa sababu nzito kuliko ya kwamba mambo yalimwendea vizuri baadaye. Na tukikumbuka kwamba mwaka 1904 alikuwa katika makao makuu ya Lothar von Trotha, kamanda wa majeshi ya Wajerumani huko Namibia, wakati Waherero walipofukuziwa jangwani wafe kwa kiu, tutaona kwamba uzito wa maisha ya wenyeji haukuwa jambo geni ambalo hakuwahi kulazimika kulifikiria.

Sababu aliyoitoa ni kwamba alitaka kuwashughulisha maadui wengi Afrika ili wasipelekwe Ulaya. Hili linastahili kupimwa kwa uzito wake, maana jemadari hupimwa kwanza kwa lengo lake mwenyewe. Ni kweli kwamba zaidi ya askari laki moja walipita katika vita hivi upande wa adui kwa nyakati mbalimbali. Lakini tuwatazame ni akina nani. Wazungu wa Afrika Kusini walioongozwa na Jenerali Jan Smuts, kamanda wa majeshi ya Uingereza Afrika Mashariki mwaka 1916, waliangushwa na malaria na njaa, wengi wao wakarudishwa kwao kabla ya mwaka kwisha. Batalioni ya tisa ya askari wa miguu wa Afrika Kusini ilianza Februari ikiwa na watu zaidi ya 1,100, na kufikia Oktoba waliobaki wazima walikuwa wapatao 116. Kuanzia mwaka 1917 mzigo wa kupigana ulizidi kuwaelemea askari wa King's African Rifles, jeshi la Waafrika la koloni za Waingereza Afrika Mashariki, na wa Afrika Magharibi, ambao Uingereza haikuwa na nia ya kuwapeleka katika mahandaki ya Ufaransa. Kwa hiyo lengo lake lilitimia kwa sehemu katika miaka miwili ya kwanza, na likafifia kadiri vita vilivyorefuka. Mateso nayo yalizidi kadiri lengo lilivyofifia. Hapo ndipo ninapotengana na wanaomsifu.

Smuts naye asivishwe kilemba cha ukoka kwa kuwa upande wake ulishinda. Alipenda kuzunguka ubavuni mwa adui badala ya kumkabili uso kwa uso, akihofia hesabu ya waliokufa itakavyosomwa kwao Afrika Kusini. Akawasukuma watu wake mbele kuliko chakula na dawa zilivyoweza kuwafuata, nao wakafa hospitalini na kando ya njia badala ya kufa kwa risasi. Januari 1917 aliondoka akisema kazi kubwa imekwisha, na vita vikaendelea karibu miaka miwili zaidi.

Oktoba 1917, huko Mahiwa, bara ya Lindi, majeshi ya pande mbili yalipambana kwa siku nne. Waingereza walipoteza zaidi ya nusu ya watu wao wapatao 5,000. Wajerumani walipoteza zaidi ya 500. Mara nyingi vita hivyo huhesabiwa kuwa ushindi mkubwa kuliko wote wa von Lettow-Vorbeck baada ya Tanga, lakini risasi zake nzuri zilikuwa zimekaribia kwisha, na mwezi uliofuata aliwaacha nyuma mamia ya wagonjwa na majeruhi wake, akavuka mto Ruvuma tarehe 25 Novemba na watu wapatao 2,000 wenye bunduki na wapagazi wapatao 3,000, kuingia Msumbiji ya Wareno. Msafara huo ulikuwa na wake wa askari na watoto wao. Kuna waliozaliwa njiani. Mama aliyejifungua usiku hakuwa na hiari ya kubaki alfajiri, kwa kuwa kubaki kulikuwa ni kuachwa mahali ambapo jeshi limekwisha kula chakula cha wenyeji.

Husemwa pia kwamba askari wake walimpenda na hawakumwacha. Wapo waliobaki naye hadi mwisho, na wapo waliomfurahia aliporudi Dar es Salaam kutembea mwaka 1953. Lakini wengi walitoroka, hasa vita vilipowapeleka mbali na kwao, na mshahara ulikuwa umegeuka ahadi. Aliyetoroka hakuandikiwa sifa, hata kama aliona mapema kuliko kamanda wake kwamba vita hivyo havikuwa vyake.

Von Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, majuma mawili baada ya Ulaya kutulia. Walihesabiwa kwa uangalifu: Wajerumani 155 na askari wa Kiafrika 1,168. Upande wa Waingereza kumbukumbu zilizowekwa zinaonyesha kwamba wapagazi waliokufa walikuwa takriban 95,000. Upande wa Wajerumani, jeshi lililojua idadi ya risasi zake halikuweka daftari la wapagazi wake waliokufa, na kwangu mimi kukosekana kwa daftari hilo ni ushahidi mkubwa juu ya uongozi kuliko ramani yoyote ya Tanga au Mahiwa. Kamanda huhesabu kile anachoona kwamba kikipotea atakihitaji.

Kila nikienda Dar es Salaam hupita pale lilipo Sanamu la Askari, lililowekwa mwaka 1927. Askari wa shaba ameinama kidogo, singe imeelekezwa bandarini. Maandishi ya chini yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, ila hakuna sanamu ya mpagazi pale juu. Nairobi wao walimweka, akisimama pamoja na askari. Dar es Salaam na Nairobi zote zimebaki na jina la kikosi chao cha Kiingereza, Carrier Corps, lililogeuka Kariakoo na Kariokor, na maelfu wanaonunua nyanya na vitenge hapo kila siku hulitamka. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza waliacha mishahara ambayo haikuwahi kuwafikia jamaa zao. Na mwaka 1964, mwaka aliokufa von Lettow-Vorbeck akiwa na umri wa miaka 93, bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa askari wake wa zamani waliokuwa bado hai. Malipo hayo yalikuwa ya wale walioshika bunduki.