Uji wa ngano, rangi na kitana: ninavyotengeneza karatasi za majalada

Karatasi hizi za kufunikia majalada ya vitabu hupakwa uji wa ngano wenye rangi, kisha huchorwa mistari kwa kitana uji ukiwa bado mbichi, na uzuri wake uko kwenye uji huo. Ukiwa mzito mno, rangi hupasuka pale karatasi inapokunjwa kwenye mgongo wa kitabu. Ukiwa mwepesi, mistari ya kitana hufukiwa papo hapo.

Napima gramu 60 za unga mweupe wa ngano na mililita 600 za maji. Robo ya maji, ya baridi, naikorogea unga hadi mabonge yaishe, kisha namimina yaliyobaki yakiwa moto. Nakoroga kwa mwiko, moto mdogo, dakika tano tangu uanze kutokota. Hapa Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa ajili ya mwinuko, lakini wanga wa ngano huiva chini ya hapo. Nachuja kwa chujio la chai ukingali moto, naongeza nusu kijiko cha chai cha gliserini ili karatasi isikakamae, halafu nalaza plastiki juu yake, igusane na uji. Bila hivyo hufanya utando, na vipande vya utando huo ndivyo vinavyokwaruza mistari. Ukipoa, uwe kama maziwa lala.

Nusu kikombe cha uji, kijiko kimoja cha mezani cha rangi ya akriliki. Rangi ya maji ya wanafunzi siitaki: hata ikikauka inaacha doa kwenye vidole vya msomaji.

Karatasi yangu ni ya kuchorea, gramu 120 kwa mita ya mraba. Ipinde taratibu pande zote mbili bila kuikunja. Upande unaokubali kwa urahisi ndio unaofuata nyuzi za karatasi, na nyuzi hizo lazima zifuate mgongo wa kitabu, la sivyo jalada litapinda. Nailowesha kwa sponji mbele na nyuma, naitandaza juu ya kioo na kusubiri mng'ao wa maji upotee. Ukiharakisha, uji unateleza. Napaka uji wa rangi kwa brashi ya inchi tatu, kwanza kwa mapana, kisha kwa marefu. Kitana nakata kwa mkasi kutoka ubavu wa jerikeni kuukuu, meno yasilingane. Vuta mara moja bila kusita, maana kila unaposimama uji hurundikana. Ukikosea, pitisha brashi tena, lakini mara ya tatu karatasi huanza kuchubuka, na hapo hakuna dawa.

Januari na Februari nafanya kazi asubuhi. Mchana uji hukauka hata kabla ya kushika kitana. Julai karatasi naziacha hadi kesho yake au zaidi, zikiwa zimelazwa kwenye wavu, madirisha wazi, kwani baridi hiyo huotesha ukungu kwenye karatasi. Uji uliobaki hukaa kwenye friji siku tatu; ukinuka uchachu, mwaga.

Zikikauka hujikunja. Napangusa upande wa nyuma wa kila moja kwa sponji iliyokamuliwa vizuri, nazipanga huku karatasi ya kuokea keki ikizitenganisha, maana akriliki hunata kwa akriliki, kisha nazilaza chini ya ubao na matofali mawili hadi asubuhi.