Saa tano na dakika kumi: siku moja maishani mwangu

Saa 11:15 alfajiri

Simu inalia, naizima, inalia tena. Maji yamekatika, naoga ya ndoo. Saa 12 niko kituoni Mbagala nagombania daladala. Konda wa gari hili ananijua. Tangu siku aliponiuliza kazi yangu nikamjibu "mwanasaikolojia", kila asubuhi ni utani uleule: "Haya dada, leo nawaza nini?" Namwambia anawaza kuila chenji yangu.

Kusoma mawazo ya mtu siwezi. Ninachofanya ni kuwapima watu waliopata kiharusi, walioumia kichwa kwenye bodaboda, na wazee walioanza kusahau, nijue katika lugha, kumbukumbu na fikra zao kipi kimebaki na kipi kimekwenda. Taaluma yenyewe inaitwa nyurosaikolojia. Hospitalini wengi wananiita "yule dada wa michoro", na mimi nimeshazoea.

Saa 1:45 asubuhi, wodini

Mama lishe mmoja, miaka 50 na ushei, wiki ya pili tangu kiharusi. Mkono wa kulia umelala. Picha ya CT inaonyesha sehemu ya mbele ya ubongo, upande wa kushoto, ndiyo iliyokosa damu. Mumewe amekaa pembeni na chupa ya chai mapajani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Safi kabisa, kama hana tatizo lolote.

Mume anaruka. "Dokta, umesikia? Kaongea!"

Hapa ndipo ninapoichukia kazi yangu, maana ni mimi ninayepaswa kuipunguza furaha ile. Salamu, sala, kuhesabu, hata matusi, ni maneno yaliyokwisha kushonwa pamoja. Yanatoka kwa mkupuo, mtu hana haja ya kuyatafuta. Namwomba ahesabu moja mpaka kumi, anakwenda bila kukwama. Namwonyesha vidole vitatu: ni vingapi? Anafungua mdomo, anaufumba, anapiga godoro kwa mkono wa kushoto.

Mwaka 1861 jijini Paris, daktari Paul Broca alimpokea mgonjwa aliyeelewa mengi anayoambiwa lakini akajibu karibu kila kitu kwa "tan, tan". Alipofariki, Broca akakuta uharibifu palepale, mbele kushoto. Ubongo ule umehifadhiwa mpaka leo. Kila mwanafunzi wa fani hii anakijua kisa hicho. Ambacho sikufundishwa darasani ni hiki cha leo.

Mama anasema: "Dada... chai... leta."

Mume anainuka kwenda kantini. Kumbe tangu jana ameshaleta chupa tatu, na kila akileta mkewe analia. Mgonjwa wa afasia (kupotewa na lugha kwa kuumia ubongo) ya namna hii hupoteza vile vipande vidogo vya sentensi. Sasa ukiondoa "a" na "li" kwenye "alileta", Kiswahili hakikuachii kitenzi kilichopungua tu, kinakuachia amri. Mama alikuwa anasimulia kwamba dada yake alileta chai. Wao wakasikia anaagiza.

Namwelekeza mume aulize maswali ya ndiyo na hapana: dada alileta, au unataka nikalete? Anakaa kimya kidogo, kisha anasema, "Jana nilimfokea."

Saa 3:20, kliniki

Karatasi ya rufaa imeandikwa neno moja, "amechanganyikiwa". Kijana wa miaka 30 na kitu, anaongea haraka, lafudhi ya Kipwani yenye mawimbi yake yote, ila maneno mengi hayamo katika Kiswahili wala lugha nyingine. Kwa mganga ameshapelekwa, dawa za wagonjwa wa akili ameshapewa. Namwambia afumbe macho, ananitolea hotuba. Nikifumba yangu kumwonyesha, anafumba. Masikio yake yanasikia, akili yake ipo, maana ya maneno ndiyo haifiki. Daktari Mjerumani Carl Wernicke alieleza hali hii mwaka 1874, akiwa na miaka 26. Namwandikia apigwe picha ya ubongo leo hiihii, na simpi ndugu yeyote neno "kichaa" arudi nalo nyumbani.

Saa 5, kliniki

Mzee mvuvi kutoka Bagamoyo, ameletwa na bintiye. Anasahau kama amekula.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Umeolewa?"

Nampa karatasi achore uso wa saa, aweke namba zote, kisha mishale ionyeshe saa tano na dakika kumi. Muda huo una mtego. Ubongo uliochoka sehemu za mbele huvutwa na neno "kumi", mshale mrefu ukaenda kwenye 10 badala ya 2. Kwa Waingereza mtego unaishia hapo. Sisi tuna wa pili, kwamba mdomo unasema tano na mshale mfupi unaonyesha 11. Tumeligeuza hilo tangu utotoni hata hatulihisi tena, lakini kwa mgonjwa ni ngazi moja zaidi ya kupanda.

Mzee anachora duara zuri, namba zote 12 mahali pake. Mshale mrefu kwenye 2. Mshale mfupi kwenye 5.

Naandika "kosa". Kwa wino.

Baadaye anakunja mkono wa shati kuangalia muda wa dawa, nami naitupia jicho saa yake. Ukutani kwangu ni saa sita kasorobo. Kwenye mkono wake mshale mrefu uko 9, na mfupi unakaribia 6.

Bintiye anacheka. "Baba saa zake zote anaziseti kwa Kiswahili. Hata ya sebuleni. Wageni wanahangaika."

Kwa hiyo mzee alichora saa tano na dakika kumi jinsi anavyoiona kila siku mkononi mwake. Mtego hakuingia hata mmoja. Aliyeingia ni mimi. Nakata neno langu kwa aibu, mzee ananitazama tu.

Natamani hadithi ingeishia hapo, lakini nilikuwa nimempa pia maneno matano ayashike. (Siyataji hapa, wagonjwa wangu nao wana simu.) Nauliza anakumbuka yapi.

"Maneno gani? Umenipa maneno?"

Akili yangu inasimama hapo. Mtu akisahau baadhi ya maneno, huenda ni uzee tu. Akisahau kwamba aliwahi kupewa, naanza kuifikiria hipokampasi, sehemu ndogo ya kushika mambo mapya iliyojificha ndani ya ubongo, moja kila upande. Namuuliza binti kuhusu nyavu. "Nyavu anashona kama zamani, fundo halimpotei."

Sishangai. Mwaka 1953 huko Hartford, Marekani, Henry Molaison alitolewa sehemu kubwa ya hipokampasi zote mbili ili kifafa kipungue, na tangu hapo hakuweza kushika jambo jipya mpaka alipofariki mwaka 2008. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimfundisha kuchora nyota akiitazama kwenye kioo. Kila siku mkono ulizidi kuwa mwepesi, na kila siku mwenyewe alisema hajawahi kufanya kitu hicho. Namwambia binti amwachie mzee nyavu zake.

Saa 7:30 mchana

Wali maharage na mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Analalamika kuwa wagonjwa wetu "wako chini" kwenye kukariri tarakimu. Namwambia ahesabu silabi. Moja mpaka tisa, kila namba yetu ina mbili, na za Kiingereza karibu zote zina moja. Huko Wales watafiti waliliona jambo kama hilo mwaka 1980, namba za Kiwelshi huchukua muda mrefu zaidi kutamka, hivyo chache ndizo zinazokaa kichwani.

Kisha kuna zoezi la kutaja maneno ya herufi moja kwa dakika moja. Mpe Mswahili herufi K: kula, kulala, kulima, kukoroga... utamsimamisha wewe. Na kipimo maarufu cha picha kilichotungwa Boston kina nyumba ya Waeskimo ya barafu. Bibi mmoja aliwahi kuniambia ni tanuri la mkate. Mimi nilimpa alama.

Saa 9:10 alasiri

Ripoti ya mzee. Fomu ina kisanduku cha mishale, 1 au 0. Naandika 1, pembeni naongeza mistari minne kuhusu saa ya mkononi, mistari inatoka nje ya kisanduku. Pa kumbukumbu naandika 0, na ombi la vipimo vya damu na picha, maana kuna upungufu wa vitamini na matatizo ya tezi yanayoleta usahaulifu, na hayo yana dawa.

Saa 10:30 jioni

Napitia wodini kabla ya kuondoka. Mama lishe ameegemea mto. "Mtoto... fungua," anasema.

Mume ananyoosha mkono kwenye dirisha, anausimamisha njiani, anamgeukia. "Mtoto alifungua? Au nifungue?"

Mama anainua kidole kimoja, cha kwanza. Alifungua. Dirisha lilikuwa wazi tangu mchana.