Kila Picha Ina Watu Wawili

Mechi ya kwanza ya futiboli ya Kimarekani niliyoitazama mpaka mwisho ilinilenga machozi, na sheria zake sikuwa nazijua. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 1 Novemba 2014, wiki yangu ya pili Minnesota. Binamu yangu wa Brooklyn Park aliwasha televisheni ili nisikae nikiwaza Mombasa. Chuo cha Ole Miss kilikuwa kinacheza na Auburn, kiko nyuma 35 kwa 31, na dakika zinaishia. Kijana mmoja wa Ole Miss akapokea pasi fupi, akaukimbilia mstari wa mwisho wa uwanja, akakamatwa kwa nyuma, na mguu ukajikunja chini ya aliyemwangukia. Mpira ukamponyoka inchi chache kabla ya mstari. Waamuzi walihesabu tachidauni, yaani mpira umevushwa mstari kwa pointi sita, wakaangalia marudio, wakaifuta. Mguu umevunjika na pointi hazikupatikana. Kijana huyo aliitwa Laquon Treadwell. Nililishika jina lake kabla sijajua kwotabeki, yule mrusha mpira, ni yupi.

Nalisema hili mapema kwa sababu mwaka na nusu baadaye nilijifanya skauti, nikaapa kwamba ninatumia macho tu.

Wakati huo nilikuwa nimepata kibarua cha kuhudumia wazee katika nyumba moja ya vitongoji vya Minneapolis, zamu ya saa tisa alasiri hadi saa tano usiku. Nusu ya wahudumu tulikuwa Waafrika. Dada mmoja wa Tanga ndiye niliyekuwa napangiwa naye mara nyingi. Chumba cha mwisho ukumbini alikaa mzee tuliyemwita Kocha. Alikuwa amefundisha futiboli katika sekondari ya mji mdogo kaskazini mwa jimbo kwa zaidi ya miaka thelathini. Kiharusi kilimchukua mkono wa kushoto kikamwachia vingine vyote, hasa mdomo.

Tarehe 10 Januari 2016 Vikings, timu ya Minnesota, waliwakaribisha Seattle katika mchezo wa mtoano. Nje kulikuwa na baridi ya nyuzi 21 chini ya sifuri kwa Selsiasi, na walicheza hapo hapo nje. Mpigaji teke wa Vikings alikuwa amefunga pointi zote tisa za timu yake. Sekunde za mwisho akapewa teke la yadi 27 ambalo kwa watu wa kazi yake ni kama kuchota maji mtungini. Likaenda kushoto. Kumi kwa tisa, msimu umekwisha. Ukumbi mzima ulikuwa unamlaani. Kocha hakumlaani.

"Si kosa lake," akaniambia nikimvua viatu. "Timu iliyofunga pointi tisa tu ina shida ya mpokeaji. Wana yule Diggs, basi."

Stefon Diggs alikuwa mgeni mwaka ule, amechaguliwa raundi ya tano, mtu wa 146, katika drafti, pale timu za NFL, ligi ya kulipwa, zinapochagua vijana wa vyuo kwa zamu, na bado ndiye aliyeongoza timu kwa yadi 720 za kupokea. Nikamwambia Kocha kwamba mimi namjua mpokeaji wa kuletwa. Akanitazama kama ninavyowatazama Wamarekani wakinieleza kuhusu chai.

Hapo ndipo lilipozaliwa shindano letu. Kanuni za nyumba zilikataza mfanyakazi kupokea chochote kutoka kwa mzee, hata peremende, kwa hiyo dau letu likawa hili: kila mmoja amchague mpokeaji mmoja wa chuo, amwandikie tathmini katika daftari la Kocha, na usiku wa drafti atakayeshindwa aandike ukurasa wa mwisho "Nilikosea", aweke tarehe na sahihi. Mimi ndiye niliyetaka hukumu iwe usiku ule ule: nani atachaguliwa mapema zaidi. Kocha aliuliza kwa nini tusisubiri miaka mitatu. Nikacheka. Nani ana miaka mitatu ya kusubiri?

Mimi nikamchukua Treadwell. Yeye akamchukua Michael Thomas wa Ohio State.

Nilidhani nimeshinda kabla ya kuanza. Msimu wa 2015 Treadwell alirudi na mguu wake uliopona, akadaka mipira 82 kwa yadi 1,153 na tachidauni 11. Thomas alidaka 56, yadi 781, tachidauni 9. Nikamsomea Kocha tarakimu hizo kwa sauti ya mtangazaji. Akajibu kwamba Ohio State walikuwa na Ezekiel Elliott wa kukimbia na mpira, na nyumba yenye midomo mingi kila mtu hula kidogo. Kisha akanikataza kuleta tarakimu tena chumbani mwake.

Daftari lake lilikuwa na safu tano: mikono, miguu, kiuno, kuzuia, na akili. Jioni, wazee wakishalala, nilipata dakika kumi na tano za mapumziko, nami nilizimalizia kwake, kompyuta yangu juu ya meza yake ya chakula, tukitazama video. Alinifundisha kutoufuata mpira. Hili lilinishinda majuma mawili mazima. Jicho linaukimbilia mpira lenyewe. "Mtazame mpokeaji kabla mpira haujarushwa," aliniambia, "halafu zima." Kwake tathmini ilikuwa imekwisha hapo.

Alikuwa akitafuta vitu vidogo mno. Beki anapomsimamia mpokeaji uso kwa uso pale mstari wa kuanzia mchezo na kumsukuma kifuani, mguu gani unaondoka kwanza, na je, unakwenda mbele au unakwenda pembeni kupoteza muda? Akifika mahali pa kukata kona, je, mabega yanainuka? Mabega yakiinuka beki ameshajua, ni sawa na dereva kuwasha taa ya kupinda. Mpokeaji mzuri anakata akiwa chini, kiuno kimeshuka, hatua mbili tu, na kichwa hakisemi kitu. Thomas alikuwa na urefu wa futi 6 na inchi 3, mtu mrefu namna hiyo hushuka kwa shida, lakini yeye alishuka. Kocha alinionyesha pia tachidauni ya Thomas dhidi ya Alabama, tarehe 1 Januari 2015, mpira ukiwa umerushwa na mpokeaji mwenzake, yeye akiudaka pembezoni kabisa mwa uwanja. Chuoni mguu mmoja ndani unatosha, NFL wanataka miwili. Mzee alirudisha video ile mara sijui ngapi akihesabu vidole vya miguu.

Nami niliyajua haya, ndiyo aibu yenyewe. Nimekulia karibu na uwanja wa Tononoka, nimeona mawinga wa kila aina, na hakuna mtoto wa kule anayemsifu winga kwa jinsi anavyoupokea mpira. Tunauliza: beki amemwacha wapi? Amemvunja kiuno au wamekwenda pamoja hadi kibendera? Lakini ukishampenda mchezaji unampimia kwa mizani nyingine.

Tathmini yangu ilijaza kurasa tatu. Mikono nilimpa tisa kwa kumi, na siibadilishi hata leo: aliuvuta mpira kutoka hewani mbali na mwili, vidole vimetanuka, na beki akining'inia mkononi mwake haikumsumbua. Kuzuia nilimpa kumi. Kuna wapokeaji wengi ambao wenzao wakikimbia na mpira wao husimama kama wageni msibani, Treadwell alimtafuta mtu wa kumgonga. Akili kumi. Moyo, safu niliyoiongeza mwenyewe kwa kalamu, kumi. Kocha alipoiona safu hiyo aliikata kwa mstari, taratibu, bila neno.

Nikaanza kumwonyesha video nilizozichagua. Mpira wa juu, beki kamshika, Treadwell anadaka. Mpira wa pembeni, beki kamlalia mgongoni, Treadwell anadaka. Nilikuwa nimezipanga kama picha za harusi. Ya sita au ya saba Kocha akainua mkono wake mzima.

"Kijana, kwa nini kila picha yako ina watu wawili?"

Sikumwelewa. Dada wa Tanga, aliyekuwa ameingia na dawa, alielewa kabla yangu akaanza kutabasamu.

"Hao wengine," Kocha akasema, "wanatafuta mahali pa kuwa peke yao. Wako anasubiri mgeni ndipo adake. Chuoni anawazidi nguvu. Huko aendako kila beki atakuwa mwanaume mzima kama yeye."

Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo sifa yake: hata akibanwa anadaka. Nilibishana hadi muda wa mapumziko ukapita na kengele za vyumba vitatu zikawa zinawaka. Nilitaja mguu uliovunjika. Nadhani niliutaja mara nne.

Kule Indianapolis, wanakopimwa vijana walioalikwa kabla ya drafti, mwezi wa pili, Treadwell hakukimbia yadi 40. Alikimbia mwishoni mwa Machi chuoni kwake, na muda uliotajwa ulikuwa karibu sekunde 4.65. Kwa wasioujua mchezo huu: yadi 40 ni mita 36 na ushee, na tofauti ya moja ya kumi ya sekunde inaweza kumshusha kijana mamilioni ya dola. Mimi nikasema mguu. Kocha, kwa haki yake, hakushangilia. Wa kwake alikuwa amekimbia 4.57, nayo si ya kujivunia, na aliwahi kuniambia mbio za mstari ulionyooka ni mtihani wa farasi.

Msimfanye nabii, hata hivyo. Daftari lile nililifunua kurasa za mwaka wa nyuma. Alikuwa amempa Kevin White alama kubwa kuliko wote, kijana aliyechaguliwa wa saba na Chicago kisha akakosa msimu wake wote wa kwanza kwa jeraha. Diggs hakuwemo kabisa. Nilipomwonyesha alisema mwaka ule miwani yake ilikuwa mbovu.

Usiku wa drafti ulikuwa Alhamisi, tarehe 28 Aprili 2016, wao wakiwa Chicago na sisi tukiwa zamu. Vikings walikuwa na nafasi ya 23. Wa 15 akachukuliwa mpokeaji Corey Coleman, na Kocha akanung'unika. Kisha ukawa ukame, na mimi nina wazee wa kulaza. Nikawa natoka chumba hiki naingia kile, nikipita kwa Kocha nachungulia, naondoka. Houston wakapanda nafasi moja hadi ya 21 kumchukua Will Fuller. Wa 22, Washington, Josh Doctson. Wapokeaji wawili mfululizo, na sasa ni zamu ya Vikings. Nilikuwa nimeshika ncha ya shuka ya bibi mmoja niliposikia Kocha ananiita kwa sauti ambayo sikujua bado anayo. Namaliza shuka? Namwacha bibi hivi? Niliimaliza, naapa, ingawa kona moja haikukaa sawa.

Nilipofika skrini ilikuwa ya zambarau, rangi ya Vikings, na jina lilikuwa la Treadwell.

Sikumbuki nilipiga kelele gani, ila muuguzi wa zamu alikuja mbio akidhani kuna mtu ameanguka. Kocha alikuwa ameshalifungua daftari kwenye ukurasa wa mwisho. Akaandika "Nilikosea", akaandika tarehe, akaweka sahihi, na kwa mkono mmoja kazi hiyo ilichukua muda, kwani daftari lilikuwa linateleza na mimi sikufikiri kumshikia. Nilikuwa nacheza. Dada wa Tanga ndiye aliyelishika.

"Umeridhika?" Kocha akaniuliza.

Niliridhika. Hata kesho yake, siku yangu ya mapumziko, Thomas alipochaguliwa na New Orleans akiwa wa 47, mpokeaji wa sita, nilihesabu hiyo kama ushindi wa pili.

Mwezi Julai binti yake alimhamishia nyumba nyingine, Duluth, karibu na kwake. Nilimsukuma kwenye kiti chake hadi garini. Daftari lilikuwa katika mfuko wa pembeni wa kiti pamoja na miwani.

Msimu ulipoanza nilikuwa naye Treadwell kila Jumapili. Alicheza michezo tisa. Thomas, huko New Orleans, alimaliza mwaka na mipira 92, yadi 1,137, tachidauni 9. Ilikuwa wiki ya kwanza ya Januari 2017, tunapanga trei za chakula cha jioni, dada wa Tanga akanikumbuka.

"Kakangu, na yule mtoto wako wa mguu? Anaendeleaje?"

"Amedaka mmoja."

"Leo?"

"Mwaka mzima. Yadi 15."

Aliweka trei chini kwanza ndipo acheke, alicheka hadi akashika meza. Alipopata pumzi akafuta macho kwa mkono wa gauni lake la kazi.

"Na huo mmoja," akauliza, "alikuwa peke yake, au kulikuwa na mtu kamshika?"

Nikamwambia sikuangalia.