Barafu Ndiyo Malisho

Asubuhi hiyo Mlango wa Lemaire, mkondo mwembamba wa bahari huko Antaktiki, bara la barafu la kusini kabisa mwa dunia, ulikuwa umeziba. Upepo wa usiku ulikuwa umesukuma barafu iliyovunjikavunjika ikajazana humo, na kutoka sitahani hatukuona hata ufa wa maji. Mlango wenyewe una urefu wa kilomita 11 hivi, magenge yamesimama wima kushoto na kulia, na kuna mahali upana haufiki kilomita moja. Adrien de Gerlache alipita hapo mwaka 1898 na meli yake Belgica, akaupa jina la Charles Lemaire, Mbelgiji mwenzake aliyejulikana kwa safari za Kongo. Sikutegemea kabisa kukutana na habari za Kongo kwenye Rasi ya Antaktiki.

Nahodha alisogeza meli taratibu, akasimama, akageuza. Waliokuwa wameamka alfajiri na kamera zao walinung'unika. Mimi nilifurahi kuona kwamba huku bado kuna kitu kinachoweza kumwambia binadamu "leo hapana", naye akatii.

Tukaelekea Bandari ya Neko, ambayo imepewa jina la meli ya wawindaji nyangumi iliyofanya kazi maeneo hayo mwanzoni mwa karne ya 20. Kabla ya kushuka, buti husuguliwa na kutiwa dawa, na ukifika nchi kavu hukai chini, hupigi magoti, wala huweki begi ardhini, kwa hofu ya kusambaza mafua ya ndege. Watu hawazidi 100 ufukoni kwa wakati mmoja. Pengwini humkaribii chini ya mita 5, na akiwa njiani wewe ndiye unayempisha. Njia zao unaziona wazi kwenye theluji: mifereji iliyokanyagwa hadi ikashindiliwa, inapanda kutoka majini mpaka kwenye miamba wanakotagia. Mifereji hiyo, pamoja na eneo zima la viota, imechafuka kwa rangi ya waridi. Ni kinyesi. Rangi inatoka kwa uduvi wanaowala, na harufu yake inabaki kwenye jaketi hata ukisharudi melini.

Ilikuwa Februari, vifaranga vya pengwini gentoo vimekuwa vikubwa karibu kulingana na wazazi, ila manyoya ya utotoni yamebaki kwenye shingo na mgongoni. Mzazi akitoka baharini na chakula tumboni, hawapi papo hapo. Anakimbia. Watoto wawili wanamfukuza kwenye mawe na tope, wanaanguka kifudifudi, wanainuka, mmoja anachoka na kubaki nyuma, na yule anayeng'ang'ania ndiye anayeingiza kichwa kinywani mwa mama, au baba, maana kwa macho huwezi kuwatofautisha. Dada yangu, ambaye si mtu wa maneno mengi, alinishika mkono: "Mdogo wangu, yule wa nyuma je?" Tulimsubiri yule wa nyuma. Mzazi aligeuka, akakimbia tena, na safari hii wa nyuma ndiye aliyefika.

Ng'ambo ya pale barafuto inashuka hadi baharini. Viongozi wa msafara walikuwa wametukataza kuzubaa ufukoni, na sababu tuliiona wenyewe: ukuta wa barafu ulikatika, mshindo ukatufikia baada ya macho kushuhudia, kisha wimbi likaja na kuvamia kokoto zote za ufukoni.

Mchana tuliingia kwenye mashua za mpira. Juu ya kipande cha barafu walikuwa wamelala sili wanaoitwa wala-kaa, ingawa kaa hawali. Mmoja alipiga mwayo nikayaona meno yake: kila jino lina vipembe vilivyopinda, na meno ya juu yakikutana na ya chini maji yanatoka, uduvi wanabaki. Ubavuni alikuwa na makovu mawili marefu yaliyokwenda sambamba. Kiongozi alisema hiyo ni kazi ya sili-chui, ambaye huwawinda wakiwa wachanga. Huyu alinusurika.

Kisha kiongozi akazima injini. Barafu iliyotuzunguka ilikuwa inatatarika kama mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji. Ni hewa iliyofungiwa humo tangu theluji ya zamani ishindiliwe na kuwa barafu; ikiyeyuka, viputo vinapasuka kimoja kimoja.

Nyangumi wa nundu walitokea upande wa kulia, wawili. Walikuwa wakila. Duara la mapovu lilipanda kwanza, kisha vinywa vikafumuka katikati yake, mikunjo ya koo imetanuka kwa maji, na pumzi yao ikatufikia na uvundo wa samaki. Nyangumi wa rasi hii wengi huzaa kwenye maji ya joto ya Kolombia, Ekwado na Panama, na huja mpaka huku kwa ajili ya kula tu.

Kwa hiyo pengwini, sili na nyangumi, wote siku ile walikuwa wanamfuata uduvi. Na uduvi anaitegemea barafu: akiwa mchanga, majira ya baridi huyamaliza chini ya barafu ya bahari, akikwangua mwani mdogo unaoota upande wake wa chini. Barafu ni malisho, kama ilivyo nyika kwa nyumbu. Mwaka 2023 barafu ya majira ya baridi ilitanda eneo dogo kuliko mwaka wowote tangu setilaiti zianze kuipima mwishoni mwa miaka ya 1970. Takwimu hiyo nilikuwa naijua kabla ya safari. Baada ya kumwona yule kifaranga wa nyuma akifukuzia mlo wake, inaniuma.

Ukipata nafasi ya kwenda, chagua meli ndogo, kwa sababu zenye abiria zaidi ya 500 haziteremshi watu. Nenda Desemba ukitaka mayai na theluji safi, Februari au Machi ukitaka nyangumi. Na mkiwa kwenye mashua, mwombeni kiongozi azime injini mapema, hata kabla ya mnyama yeyote kuonekana.